Mzunze Uliolala Kitandani Mwetu

Mwanangu, naikumbuka siku Mama Kanta aliponikamata mkono kwa nguvu, bangili zake zikanibana, birika la maji likabaki linaning'inia kati yetu.

"Wewe nataka ua yeye?" akaniambia. "Weka chini!"

Nikaliweka chini. Mimi Zuhura, mke wa mtu, nimegombezwa kama mtoto wa chuo.

Hebu kaa nikueleze Mama Kanta alikuwa nani. Nyinyi mliozaliwa huku Uingereza mnaiona Handsworth ya leo, maduka yote yale ya Soho Road, mkadhani tuliikuta hivyo. Mwishoni mwa miaka ya sitini tulikuwa wachache. Nilitoka Mombasa kumfuata mume wangu Athumani, aliyekuwa na kazi kwenye kiwanda kidogo cha vyuma kule Saltley. Kiingereza sikijui, na shule niliiacha kabla sijaweza hata kusoma vizuri. Tulipanga chumba cha juu hapo Handsworth kwenye nyumba ya Wahindi waliotoka Kisumu: Ramesh mwenye nyumba, mkewe Jaya, na mama yake Ramesh, mjane. Huyo ndiye Mama Kanta. Kanta mwenyewe alikuwa binti yake wa kwanza, ameolewa Nairobi.

Siku niliyoingia na sanduku langu, natetemeka kwa baridi, nawaza nitasema nini na watu hawa, nikasikia sauti kutoka jikoni: "Karibu mama, iko chai." Nikatazama, naona bibi mfupi wa sari nyeupe. Mwanangu, nilikaa kwenye ngazi nikalia. Kiswahili chake kilikuwa kile cha dukani, lakini siku ile sikujua kingine kitamu kukishinda.

Pale jikoni, dirishani, palikuwa na mti ndani ya chungu, majani madogo madogo mororo. Niliutambua mara moja: mzunze! Nyinyi mnauita moringa na mnanunua unga wake kwenye vikopo. Kwetu ulikuwa nyuma ya jiko, ukitaka mboga unatoka unachuma, basi. Hakuna aliyeutunza. Kwa Mama Kanta ulikuwa jambo jingine kabisa. Baba yake kule Gujarati alikuwa mganga wa ile tiba yao ya kale, Ayurveda, na alimfundisha kwamba mti ule hautupwi kitu, jani, ganda wala mizizi. Mimi si mganga, sitakwambia unatibu nini, hayo kamuulize daktari wako. Ninachojua ni kwamba mti uliouzaa ule ulipandwa na marehemu mumewe, Mzee Pranlal, uani kwao Kisumu, mwaka waliooana. Walipohama, aliyenunua nyumba akaukata ajenge banda la gari. Mama Kanta alikuja na mbegu chache kafunga kwenye pembe ya kitambaa. Nyingine zote zikaoza, ikaota moja. Ndio mti ule.

Sasa baridi ya kwanza ilipoingia, nikaona majani yanageuka manjano, yanapukutika, mpaka vikabaki vijiti. Nikaona huruma. Mama Kanta yuko kwenye sala zake, nikachukua birika ninyweshe. Ndipo akanikamata.

"Yeye nalala," akasema, sauti imeshuka sasa. "Mtu kama nalala, wewe namwaga maji mdomo yake?"

Akanieleza polepole. Mti ule baridi ikija unavua majani na kuacha kunywa. Ukiumwagilia, maji yanakaa tu kwenye udongo, na mzizi unaoza. Alichofanya ni kuukata mfupi, akauweka ndani ya kabati la tangi la maji moto, pale Jaya alipokaushia taulo. Ukakaa humo kwa kiu na giza. Jua liliporudi akautoa, akaupa maji kwa mkono wake, na baada ya muda ukachipua. Kila mwaka vivyo hivyo.

Miaka ikapita, tukafika katika ile ya sabini. Habari ikaja kwamba kaka yake Mama Kanta ni mgonjwa kule kwao Rajkot, Gujarati, na bibi akafunga safari mwanzo wa baridi. Jioni ya kuondoka akaniita mimi, si Jaya.

"Zuhura, mti kaa na wewe. Hapana weka maji mpaka mimi narudi. Hata tone."

"Na Jaya je, mama? Si ndiye mkweo?"

"Jaya iko roho nzuri sana. Yeye naona huruma, naweka maji." Akanigusa shavu. "Wewe, mimi nagombeza kwisha."

Nikampa ahadi. Kumbe ahadi yenyewe nimeitoa mwaka wa shida.

Kwanza Ramesh akauza nyumba. Duka lake lilikuwa limemkubali, akanunua nyumba kubwa Sutton Coldfield, na sisi wapangaji ikabidi tuhamie chumba kimoja Saltley, karibu na kiwanda cha Athumani. Siku ya kuhama nashuka, nafungua lile kabati, tupu. Natoka uani, naona chungu kimewekwa kando ya pipa la taka.

"Ramesh, baba! Mti wa mama huu!"

"Dada Zuhura, hii kuni tu. Imekufa. Nitamnunulia mama mti mzuri, wa maua."

"Haujafa, umelala. Nao ni amana kwangu."

Akacheka, lakini hakucheka vibaya, alikuwa kachoka na kubeba makabati. "Chukua basi. Mama akirudi, wewe ndiye utamwambia."

Jaya akanifuata mpaka mlangoni akaninong'oneza, "Dada, weka maji kidogo tu." Hapo nikaelewa kwa nini amana ile nilipewa peke yangu.

Tukapanda basi, mimi na chungu mapajani. Kondakta alikuwa kijana wa Jamaika, jina lake Winston, maneno mengi huyo. Akauliza nimebeba nini. Athumani akamjibu kwa Kiingereza kwamba ni mti. Winston akainama, akakitazama kile kijiti, akasema, na Athumani akanitafsiria huku kaona haya: "Mwambie mkeo mti ni kile chenye majani." Basi zima likacheka. Nami nikacheka, ningefanyaje? Lakini sikukishusha.

Pili, ikaja ile baridi ya umeme kukatwa. Wachimba makaa walikuwa kwenye mgomo, taa zinazimwa kwa zamu, leo mtaa huu, kesho mtaa ule. Chumba chetu kilitegemea jiko dogo moja la umeme, na kabati la maji moto hatukuwa nalo. Asubuhi unakuta barafu imeganda kwenye kioo, tena upande wa ndani. Mti ule ukipigwa na barafu ndio mwisho wake, Mama Kanta alishaniambia. Nifanye nini? Nikauvisha leso zangu mbili za kujifunga, nikaufunga mfuko wa nailoni kwenye chungu, nikaulaza kitandani katikati yetu.

"Zuhura," Athumani akasema, "mimi nilioa mke mmoja. Sasa nalala na mke na kuni."

"Kuni hii haikoromi," nikamjibu.

Alinung'unika wiki nzima. Kisha nikaamka nikamkuta kaukumbatia.

Jirani yetu Doris, mama wa Kiingereza mwenye moyo wa dhahabu, akija kunywa chai anatazama udongo ulivyopasuka, anasikitika kama mbele ya mgonjwa. Mara mbili nilimkuta kashika kikombe. Nikasimama mbele ya chungu, natikisa kichwa, "No, Doris, no," Kiingereza chote nilichokuwa nacho. Alinidhania mkatili, najua, maana baadaye alikiri mwenyewe.

Na mimi nikuambie kweli, siku moja niliyumba. Baridi imepungua, ndege wameanza, mti hauna hata dalili. Nikajaza kikombe. Nikajiuliza: kama Mama Kanta alikosea? Kama ndio nauua kwa kiu hivi hivi natazama? Nikasimama na kile kikombe mpaka mkono ukachoka. Mwisho nikayanywa maji mimi mwenyewe.

Mama Kanta akarudi. Ramesh akamleta kwa gari moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege, koti juu ya sari, hajavua hata viatu.

"Mtoto yangu wapi?"

Nikamwonyesha. Uko mezani, kijiti kikavu, rangi ya majivu. Ramesh kasimama nyuma ya mama yake, ameinamisha macho, na Doris yuko mlangoni kashika mdomo. Bibi akaenda mezani. Aliusogeza mti kwenye dirisha, akauparua ganda kwa ukucha wa kidole gumba.

Chini ya ganda palikuwa kijani, mwanangu! Kijani kibichi, chenye majimaji, kama jani la ndizi.

"Ramesh! Kuja ona! Kuja ona kuni yako!" Akacheka mpaka akakaa kitandani. Kisha akanigeukia. "Nani naweka maji?"

"Hakuna, mama."

"Hata tone?"

"Hata tone."

Akapitisha viganja vyake juu ya kichwa changu, akavirudisha kwenye paji lake, akavibonyeza mpaka vidole vyote vikalia. Ndivyo kwao wanavyomwondolea mtu jicho baya, hivyo hufanyiwa mtoto wa kumzaa. Halafu akaomba maji, akayamimina yeye.

Ule mti ulivyoamka! Kama vile una hasira ya kulala. Ukachipua vijiti hadi vikagusa kamba ya nguo, tukautoa uani, kiangazi chote tukachuma. Mimi nikapika majani kwa nazi, Mama Kanta akayatia kwenye dengu, Doris akala kwa mkate na kuomba tena. Vuli ilipokaribia bibi akakata vipande, maana mzunze hushika hata ukipanda kijiti, na wa kwanza kuja na chungu mkononi alikuwa Ramesh, anataka wa kuweka kwenye chumba chake cha vioo kule Sutton Coldfield. "Nataka kuni," akasema, na mama yake akampiga kofi la mapenzi begani. Vipande vikaenda Handsworth, vingine vikabaki Saltley, na kila nyumba iliyopewa ilipewa pia maneno haya: ukilala, hapana weka maji.

Sasa sikiliza, mwanangu, kabla hujatoka kwangu kwenda kwako. Utaishi na watu, na kila mtu ana baridi yake. Mume atakosa kazi akae kimya. Mtoto atafeli ajifungie chumbani. Siku moja utakuwa wewe mwenyewe, huna jani hata moja, na watu kwenye basi wanacheka. Usimpeleke mtu pipani kwa kuwa hana majani. Mparue kidogo kwa upole, utaona. Lakini pia usimzamishe kwa huruma yako, kila saa maneno, kila saa maji. Mpe joto, kaa naye, ngoja. Na ukimwahidi mtu jambo, lishike hata kama wote wanakuona mjinga.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe watu wa kukupasha joto wakati umelala, akuzuilie wenye haraka ya kukutupa. Akuamshe kwa wakati wake, na majani yatakayoota yawe mengi kuliko yaliyopukutika. Amin.