Uso Uliokosa Ng'ombe

Usinibinulie midomo, msomaji. Uliamini bei ya sukari itashuka. Hiki kitakushinda nini?

Nilikuwa kwa jirani yangu hapa Muyinga walipoingia mabwana wawili kutoka Gitega. Walitafuta picha za mwanamke aliyeishi na mchoraji wetu maarufu tangu kambi ya wakimbizi Tanzania. Mwanamke huyo ndiye jirani yangu. Bwana mmoja ni mtoto wa mdogo wake mchoraji, ambaye sasa ni marehemu; ni yuleyule aliyemfukuza jirani yangu katika ukoo baada ya matanga, eti hakutolewa ng'ombe wa mahari. Kumbe uso uliokosa ng'ombe unaweza kupata fremu!

"Madame, tunafungua ukumbi wa baba mkubwa," akasema, mkono kifuani. "Bila sura yako, alors, basi, iko pengo."

Jirani hakuacha kuchambua maharage. "Chini ya picha mtaandika mimi nani?"

"Rafiki yake."

"Rafiki hakuchorwa."

Bwana akakagua kuta zote, hata dari. Mlango hakuutazama, aliuegemezea mwavuli. Marehemu alimchora mwenzake kwenye ubao, na waliporudi nao kutoka kambini, nyumba haikuwa na mlango, ubao ukawa mlango. Uso uko upande wa ndani. Mchana, mlango ukiwa wazi, uso unaangalia ukuta.

"Basi, mke wake," akanong'ona.

"Na kwako wewe, mimi nani?"

"Mama mkubwa."

"Mje na kamera. Mlango wangu hauendi Gitega." Akanigeukia: "Dada, ukitoka nifungie."

Nikausogeza ule mwavuli, nikatoka, nikaufunga mlango, nikawaacha ndani watazamane na mama mkubwa.