Abee Kutoka Nyuma ya Tangi

Madirisha ya chuma ya nyumba zetu za mtaa wa Umoja hulia vibaya yakifunguliwa. Hata leo nikiusikia mlio ule, mdomo wangu huanza kutafuta neno moja: abee.

Mama alikuwa mtu wa wasiwasi. Tulicheza chini, yeye akiwa ghorofa ya tatu, na kila baada ya muda mfupi dirisha lililia, kisha sauti yake ikateremka: "Zuhura!" Nyumbani tulilelewa kwa adabu za Pwani, mtoto wa kike haitwi na mama yake akanyamaza. "Abee!" Akishasikia hivyo, alirudi kwenye sufuria zake. Hakuwa na la kunituma.

Sasa jaribu kucheza brikicho na mama wa namna hiyo. Watoto wote wamejificha kimya, Otis ndiye anayetafuta, na mimi naitika kutoka mafichoni. Mwishowe walinichoka.

"Huyu asicheze," Otis alisema. "Mathake akiita tu, anajichoma, anaonyesha alipo."

Niliomba nafasi moja ya mwisho. Nikajibana nyuma ya tangi la maji, na dirisha lilipolia nikaing'ata kola ya sweta. Mama akaita. Akaita tena, na safari hii sauti ilimkatika. Kisha nikasikia ndara zake zikikimbia ngazini. Alitokea na unga wa chapati hadi viwikoni, akauliza watoto, akamuuliza mwenye duka, halafu akainama kuchungulia mtaro wa maji machafu. Hapo nikatoka. Nilikuwa nimeshinda, na nilijisikia vibaya sana.

Nilingoja kofi. Mama alinipapasa kichwa, mabega na mikono kama anayenunua kuku, akapanda juu.

Tangu siku hiyo hakuniita tena. Dirisha lililia, basi. Nilidhani nimepata uhuru, lakini kila nikijificha nilimwona akiinamia mtaro. Nikaropoka mwenyewe, "Abee, mama!" Otis akanikamata huku akicheka.

Siku hizi nina binti, nami niliapa kutomlea kwa hofu. Simwiti. Husimama tu dirishani nimefunga mdomo, najiona mzazi wa kisasa. Mama naye aliacha kuita, hakuacha kuogopa, na mimi nilijua tofauti hiyo kabla sijawa na maneno ya kuieleza.

Juzi jioni nilifungua dirisha taratibu kadiri nilivyoweza, likalia vilevile. Sikusema kitu. Kutoka mahali fulani chini, sauti ndogo ikaitika:

"Abee, mama! Niko hapa!"