Mwombezi Aliyeombewa

Awiti hupokea simu za wafiwa katika kampuni ya bima huko Kilimani, naye ndiye aliyekuwa akiwaongoza wenzake katika maombi ya mchana. Vilio alivyovisikia kutwa vilimfuata nyumbani hata usingizi ukamhama. Akanyamaza, akidhani mwombezi hapaswi kulemewa. Siku moja alisimama kuomba, sauti ikakataa kutoka.

"Keti, Mama Quincy," akasema Muthoni, msimamizi wake, akimwita kwa jina la mwanawe. "Leo tutakuombea sisi. Kesho nitakupeleka kwa mshauri nasaha."

"Na simu zangu?"

"Zilikuwa zikilia kabla hujaajiriwa. Nitazipokea mimi."

Awiti akacheka huku machozi yakimtoka, akakubali. Siku hizi hupata usingizi. Humshukuru Mungu kwa ajili ya Muthoni, na kwa mshauri aliyemfundisha kuwasikiliza wafiwa bila kuwahamishia nyumbani kwake.