Upepo Upigao Hodi

Hapa kijijini Ole ukitaka dirisha unakwenda kwa Fundi Talib. Hali ya hewa usimuulize, maana atakupa ya nchi isiyokuwepo.

Nchi hiyo waliitunga yeye na mkewe, Bi Ummkulthum, tangu maradhi ya kifua yalipomlaza bibi huyo kitandani. Hawakujaaliwa mtoto, wakazaa nchi. Huko hakuna kaskazi wala kusi. Upepo wa asubuhi hutoka visimani, una ubaridi wa maji ya mtungi. Wa mchana ni mvivu, hujilaza chini ya mikarafuu mpaka alasiri. Mvua nayo hungoja karafuu zianuliwe. Na hakuna upepo unaoingia nyumbani bila ya kupiga hodi. Ukipiga mara tatu usiitikiwe, hurudi ulikotoka. Sheria hiyo ya Bi Ummkulthum, ambaye utotoni upepo uliezua paa la kwao.

Sisi majirani tulimtania sana. “Fundi, leo kwenu kwavuma nini?” Naye hujibu bila ya kucheka. Mimi niliuona ni upuuzi wa watu wazima.

Lakini Bi Ummkulthum aliniambia siri: huko kuna upepo mmoja, Mpokezi, unaokuja kuwachukua waliochoka. Kifua kilipomzidi, Fundi akalipigilia misumari dirisha la chumba chao. Joto lile! Mgonjwa anatweta, na mumewe kasimama dirishani kama askari. Nilimkasirikia, Mungu anisamehe.

Asubuhi moja nimempelekea mgonjwa uji, upepo ukagonga ubao wa dirisha. Ukagonga tena. Bi Ummkulthum akafumbua macho.

“Fundi, hwisikii hodi?”

“Ni mlango wa banda huo, bibi we.”

“Ukigonga mara ya tatu usipouitika, utarudi. Nami n'shachoka, mume wangu.”

Fundi akanitazama mimi, kama kwamba nina la kumsaidia. Nilikuwa nalia tu. Ubao ukagongwa mara ya tatu.

Akachukua nyundo, akaing'oa misumari. Dirisha likafunguka, ikaingia harufu ya udongo uliorowa.

“Karibu,” akasema, kwa sauti anayompokelea mgeni wa heshima.

Nikamtamkisha mgonjwa shahada. Aliitamka yote, akashusha pumzi, akatulia.

Tulimzika baada ya Adhuhuri. Matanga yalipokwisha nilimkuta Fundi barazani, nikamuuliza, safari hii bila ya kutania:

“Fundi, huko leo kwavuma nini?”

“Sijui, Bi Khairat,” akasema. “Sasa yeye ndiye aliyeko.”