Gari ya Kuchomeka Italala kwa Nani

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka masikio yangu bado yanapata moto. Nilikuwa bibi-arusi mpya katika kambi ya wafanyakazi wa reli hapa Lubumbashi, na mume wangu alikuwa ameninunulia jiko la umeme, dogo, la sahani moja. Nililipenda kuliko viatu vyangu vya kanisani. Nikawa napita kwa majirani nikijisifu kwamba jiko langu halina gharama, na kwamba mbabula ya mama mkwe, lile jiko lake la makaa, inakula makaa kama mbuzi aliyeingia shamba la watu.

Mama mkwe alisikia. Alikuwa mwanamke wa Kongolo, mfupi, asiyepandisha sauti. Siku hiyo alikuja jikoni, akafunua chungu changu, kisha akafunua chake.

"Mu ya kwako muko nini?"

"Muchele, mama."

"Na mu ya kwangu?"

"Maharagi."

"Nani alitia maharagi pa mbabula?"

"Ni miye, mama."

"Njo vile! Jiko yako unaipatia muchele. Ya kwangu unaipatia maharagi ya tangu asubui. Kisha unazunguka mu kambi unasema ya kwangu njo mulafi. Kama unataka kupima, binti, patia yote chungu moja."

Majirani walicheka mpaka wakashika ukuta. Mimi nilitamani kuingia chini ya jiko. Lakini neno lile nililiweka, na tangu hapo watu wa ukoo wamezoea kuniita wanapobishana: nani amlipie nani, shamba lipi ni zuri, fundi gani ni mwongo. Wanasema ninapima sawa. Sijui kama ni kweli. Nilifika darasa la sita tu, kwa masista, na mara nyingi nikishasema neno ninarudi nyumbani nikijiuliza kama nimesema lililo sawa. Ndiyo maana ninaandika. Kalamu ni ya polepole kuliko mdomo.

Sasa sikiliza jambo la juzi.

Binti yangu Nathalie amefiwa na mumewe. Marehemu alikuwa akifanya kazi kwenye migodi ya upande wa Kinsevere, akaugua, akatuacha. Wamebaki watoto na lupangu moja, yaani kiwanja, kule Katuba, yenye nyumba aliyoijenga kwa jasho lake. Wadogo wa marehemu hawakuleta vita. Walikuja kwa adabu, wakanywa chai, na mmoja akapima sebule kwa hatua zake, polepole, kama mtu anayenyoosha miguu tu. Wakasema, wakimwita Nathalie yaya, yaani mkubwa wao, "Yaya mwanamuke akikala mu nyumba, iko muzuri. Akirudia kwa mama yake, nyumba haiwezi kubakia bila muntu." Mwanangu, umeelewa. Hata mimi nilielewa.

Nathalie anaishi kwa samaki wa kukauka. Anawafuata Kasomeno, anawaleta mjini, anawagawa kwa wenye mikahawa na kwa mama wa sokoni. Gari yake ya zamani ilikufa kabisa, ikabaki kuwa kiota cha kuku. Mkononi alikuwa na malipo ya mwisho ya kazi ya marehemu, na malipo hayo hayarudi mara ya pili. Yangetosha gari moja. Akikosea kuchagua, biashara imekwisha, na mwanamke asiye na biashara harudi pengine ila kwa mama yake.

Kaka yake Trésor, kifungua mimba wangu, akaleta habari ya gari ya kuchomeka. Jina lake ni ibridi. Ina matumbo mawili: moja la esanse, yaani petroli, lingine la umeme. Unaichomeka ukutani kama unavyochomeka simu, inashiba, halafu inatembea kwa umeme mpaka umeme uishe, ndipo esanse inaamka. Muuzaji, Papa Guylain, anaimba na Trésor kwenye kwaya ya parokia. Alikuwa na ibridi moja, na alikuwa pia na gari ya esanse tupu, ya kawaida, ya bei ya chini. Akasema tuchukue zote mbili, tuzijaribu tunavyotaka. Lazima niseme wazi kwamba mtu huyo hakutudanganya hata neno moja.

Ibridi ilipoingia kwenye avenyu yetu haikutoa sauti. Jirani yangu Mama Apo alikuwa anapepeta unga barabarani, akageuka akaikuta mgongoni.

"Yesu! Hii gari imekufa na iko inatembea!"

Nami, nikiri, sikuweza kuiacha. Nilizunguka. Niliuliza umeme unaingilia wapi, unakaa wapi, mvua ikinyesha inakuwaje. Trésor akaniambia kwamba ukishuka mlima na kukanyaga breki, gari inajirudishia umeme kidogo. Sikuamini. Nikapanda, tukatafuta mteremko, na kweli kile kidude cha kuonyesha umeme kikapanda kidogo kama maziwa yanayotaka kuchemka. Nilicheka peke yangu. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na mimi uzee haujanifunga mdomo.

Tukaanza kupima. Nikasema: pampu ni moja, tanki inajazwa mpaka mdomoni kabla na baada, magunia ya samaki ni yaleyale, njia ni ileile, na dereva ni Nathalie kwa zote mbili, kwa sababu Trésor ana mguu mzito.

"Mama, mi nayendesha muzuri!"

"Yaya," Nathalie akamwambia, "weye ukiona barabara tupu unafikiri iko ya baba yako."

Kwanza tulipima mjini. Gari ililala kwangu, ikachomekwa usiku, asubuhi Nathalie akaenda sokoni, kwenye mikahawa, shuleni kwa watoto, akarudi. Siku za kupima zilipokwisha tukairudisha kwenye pampu. Kijana wa pampu akabonyeza, esanse ikafurika papo hapo. Gari ilikuwa haijanywa kitu cha kutaja. Ile ya kawaida, kwa safari zilezile, ilikunywa kama ng'ombe. Trésor akacheza dansi mbele ya pampu na tai yake shingoni.

Kisha Kasomeno. Huko hadithi ilibadilika. Umeme uliisha mapema, mji ukiwa bado haujasahaulika nyuma yetu, na tangu hapo esanse ndiyo ilibeba samaki, ikatubeba na sisi, na ile betri nzito pia. Sitaidhulumu: bado ilikunywa pungufu ya ile nyingine. Lakini pungufu yenyewe ilikuwa ndogo, na kwa bei yake ya kununulia, ningetaka kuishi sana ili nione faida ya njia ile.

Lakini Nathalie haendi Kasomeno kila siku. Siku nyingi yuko mjini. Basi nikapiga hesabu zangu za darasa la sita, nikarudia, nikatoa hukumu mezani: "Ibridi njo inashinda."

"Nilisema!" Trésor akapiga meza. "Na courant ya hapa haikatikake. Ahamie huku na batoto, gari inakula kila usiku, kwisha!"

Ni kweli, umeme wa avenyu yetu uko kwenye laini moja na hospitali. Delestaji, yaani mgao wa umeme, inapopita mjini kote, sisi inaturuka. Nathalie aliendelea kumtolea mtoto mifupa ya samaki. Na mimi moyo wangu ulikuwa unacheka. Niliona tayari vitanda vya wajukuu kwenye kile chumba cha nyuma, nikawaza pazia gani nitaweka.

Usiku nikiwa kitandani, ile furaha ikaanza kuniuma. Kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Nilikuwa nimepima kila kitu sawa, pampu, magunia, mguu wa dereva, lakini gari ililala wapi? Kwangu. Nani alichagua? Mimi. Tena hakuna aliyeniuliza kwa nini, hata mimi mwenyewe.

Asubuhi nikamwambia Nathalie twende na ibridi Katuba, ikalale kwake. Nitasema ukweli: neno lilitoka kwa shida, na nilitumaini atakataa. Hakukataa.

Nyumba usiyolala ndani hujui hila yake. Katuba umeme ulikuja wakati gari iko sokoni, ukaondoka gari iliporudi. Siku iliyofuata ulikuja jioni, tukachomeka tukishangilia, chai haijachemka ukaondoka. Siku nyingine ulikuja dhaifu, taa nyekundu kama jicho la mgonjwa, na gari ikaukataa kabisa. Ibridi ikawa inatembea kwa esanse tu.

Trésor akaja na dawa: jenereta ndogo ya kukodi, ile watu wanaita grupi.

"Tunachomeka gari ku grupi, problème hamuna."

Nathalie akamtazama. "Yaya, grupi inakunywa nini?"

"Esanse."

"Kwa hiyo nitauza samaki, ninunue esanse, niipatie grupi, grupi ifanye courant, courant iingie mu gari, juu gari isikunywe esanse?"

"Ukisema vile..."

"Mi nasema vile iko!"

Kwa haki tulijaribu hata hiyo. Grupi iliunguruma, gari ikaanza kuvuta, grupi ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, ikazima. Watoto wa jirani wakapiga makofi. Trésor mwenyewe akacheka mpaka akalegeza tai.

Tukiwa bado tunacheka, akaingia yule shemeji wa Nathalie, yule aliyepima sebule kwa hatua. Alinisalimu vizuri sana, kwa mikono miwili. Akatazama gari, akatazama waya mrefu uliotoka mlangoni.

"Mama mukwe, nasikia kwenu courant iko kila siku."

"Iko, mwanangu."

"Basi muzuri. Akihamia kule musihangaike na hii nyumba. Shiye tuko. Tutaichunga."

Hakuna aliyecheka tena. Nathalie alishika fremu ya mlango, na sikumwona akiiachia mpaka yule kijana alipofika barabarani.

Mwanangu, hapo ndipo niliona kitu ambacho pampu haiwezi kuonyesha. Kila gari ina matumizi yake, na matumizi ya ile ibridi, kwa binti yangu, yalikuwa nyumba. Ili ishibe ilitaka kulala kwangu, na ikilala kwangu, naye analala kwangu, na asubuhi moja atakuta kufuli mpya kwenye mlango aliouchonga mumewe. Esanse yote ya Lubumbashi haifiki bei hiyo.

Nikamwita pembeni, penye kuku. Nikamwambia: "Nathalie, hukumu yangu haikuwa sawa. Kwangu, ibridi inashinda. Kwako, inashindwa. Na miye si muamuzi muzuri wa hii maneno, juu nilitaka ukuje kwangu na batoto. Nilikuwa natafuta gari yenye itakuleta."

Alicheka, machozi yakiwa karibu. "Mama, nilijua tangu siku ya kwanza. Ulipika sombe ya ngazi kila siku gari ilikuwa kwako. Wewe unapika sombe ya ngazi Noeli tu." Kweli, yale majani ya muhogo kwa mchuzi wa mawese ni chakula changu cha sikukuu.

"Na haukusema?"

"Nilikuwa nakula, mama."

Kisha akasema, sasa bila kucheka: "Hata miye nilitaka. Kulala peke yangu mu hii nyumba, haiko mwepesi. Lakini nikitoka, sitarudia."

Alinunua ile ya kawaida. Kilichobaki baada ya kununua alikipeleka kwa mtu wa sheria na kwa ofisi ya wilaya, karatasi za lupangu ziandikwe jina lake na la watoto. Shemeji bado anakuja kunywa chai. Hapimi tena sebule.

Sitakuficha upande wa pili, maana nusu ya ukweli ni uongo uliovaa nguo safi. Esanse inapopanda bei, Nathalie analalamika, na mimi ninainama kufunga kiatu kisichokuwa na kamba. Ile ibridi ilinunuliwa na mwalimu mmoja wa avenyu yetu hii hii, ambaye safari yake ni nyumbani na shule. Anasema amesahau njia ya kwenda pampu, na ninamwamini, kwa sababu ninaiona kila jioni imechomekwa, imetulia. Gari ile ile. Kwake ni akili, kwa binti yangu ingekuwa msiba. Mekanisie, yule fundi wa magari wa mtaani, bado anaogopa kugusa betri yake, na siku ikiharibika sijui itakuwaje. Nitaenda kuuliza, nikiwa hai.

Basi, mwanangu, neno langu ni hili. Mtu akikuletea kitu na kukuambia kina gharama ndogo, usikatae na usishangilie. Kijaribu. Lakini kijaribu mahali utakapoishi nacho, siku zako zikiwa kama zilivyo, umeme wako ukiwa kama ulivyo. Uliza kinakula nini, halafu uliza nani atahama ili kile kipate kulala. Na anayekushauri, hata akiwa mama yako, hata akiwa na mvi kama zangu, mtazame kidogo ujue yeye anatamani nini. Wazee pia wanahisi upweke. Tunawapenda ninyi watoto wetu, na kwa upendo huo tunavuta ngozi upande wetu bila kujua.

Mwenyezi Mungu akupe macho ya kuuliza na moyo wa kusikia jibu usilolitaka. Akulindie mlango wako. Njia zako za kwenda ziwe na baraka, na za kurudi zikukute na ufunguo mkononi. Amina.