Miche ya Kahawa na Laini ya Marehemu

Habari ya msiba niliipata kwenye kundi letu la mtandaoni, lile ambalo marehemu mwenyewe alikuwa akituamsha kila alfajiri kwa picha ya maua na neno la Mungu, hata sisi aliokuwa amegombana nasi jana yake. Mwenye kitalu cha miche ya kahawa kule bondeni Kihanga hatunaye tena. Aliugua siku chache tu, akapelekwa hospitali, akarudishwa nyumbani kuzikwa. Wasomaji wangu wa siku nyingi mmekutana naye humu bila kujua, kwa sababu kila nilipoandika “mzee mmoja mbishi”, nilikuwa namsema yeye. Mwenyewe alijua. Alikuwa akikata kipande hicho cha gazeti na kuwaonyesha majirani kana kwamba amepewa nishani. Nitamkosa, na nasema hivyo nikiwa na deni la kuomba radhi ambalo nitalifikia mbele.

Alivaa koti la suti na buti za mpira, mchana kutwa, kwenye matope ya kijito. Kazi ya kujaza viriba, ile mifuko myembamba ya udongo inayooteshewa miche, ilifanywa na wanawake wanne wa jirani ambao watoto wao walivaa sare na kula kutokana na kitalu hicho. Msimu mmoja mvua zilikaribia na wateja hawakutokea. Mche wa kahawa hauna subira. Ukipitiliza, mizizi hujisokota ndani ya kiriba, na hakuna mkulima mwenye akili atakayeupanda. Miche ikishatupwa, wajaza viriba nao hawaitwi tena. Basi mzee akaja kwangu na simu janja aliyoletewa na bintiye, bado imefungwa kwenye leso, akaiweka mezani. “Mwandishi,” akasema, “umetuchosha na habari za uchumi wa kidijitali. Haya, nionyeshe uko wapi.”

Niliteremka naye kitaluni, nikapiga picha za miche. Huko chini mtandao haukuwepo hata wa kuazima, maana kitalu hufuata maji na mnara hufuata barabara. Tukapanda hadi njia panda, nikamfungulia ukurasa wenye jina lake, namba yake na sura yake iliyokunjamana. Nikamwachia aandike tangazo mwenyewe. Aliandika muda mrefu kwa kidole kimoja, kisha akanisomea kwa sauti: “Shikamooni nyote mnaonizidi umri, na mlio chini yangu marahaba. Huku Kihanga mvua inanyemelea. Poleni na kazi. Wagonjwa wenu wanaendeleaje? Mimi mzima, ni mguu tu.” Basi. Mche haukutajwa hata mmoja. Nilipomwambia kwamba mteja wa mtandaoni hana muda wa kuulizwa wagonjwa, alinitazama kwa huruma, akatanguliza neno letu la heshima. “Waitu, Mwandishi, wewe unaingia nyumbani kwa mtu na kutaja bei kabla hujaketi? Watasema nimelelewa wapi?”

Mtaalamu mimi nikafuta yote, nikaandika mistari mitatu: miche, bei, namba ya simu. Siku mbili baadaye majibu yakaja. Mmoja aliuliza kama mzee ni tapeli. Wa pili hakuuliza, alimwambia moja kwa moja. Nilikuwa nimesahau kwamba siku hizi anayekutumia bei na namba bila hata hujambo ndiye huyohuyo anayetaka kukuibia. Mzee akarudisha maneno yake bila kuniaga, na watu wakaanza kuitikia. Mama mmoja wa Bugomora, kule Kyerwa, aliulizia mguu. Wakaambiana dawa za mguu, wakatafutana koo kwa siku tatu, hadi ikagundulika kwamba shangazi wa huyo mama aliolewa kilima cha pili kutoka kitaluni. Siku ya nne ndipo akauliza, “Lakini mzee wangu, wewe unafanya kazi gani?” Kabla wiki haijaisha pikapu ilikuwa imeteremka bondeni na mama huyo na wenzake wa kikundi cha wakulima, wakabeba miche karibu yote. Wanawake wanne waliitwa msimu uliofuata, na mwingine baada ya huo.

Tangu hapo hakukalika naye. Alijiita mtaalamu wa mtandao. Alipanda njia panda mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, kama mtu anayemeza dawa, na aliwafundisha waendesha bodaboda namna ya kusalimia wateja hata kama abiria wao alikuwa anachelewa kanisani. Simu yenyewe hakuna aliyeigusa. “Wateja wananijua mimi,” alisema, na ilikuwa kweli. Nami nilimwandika mara mbili, nikimtoa kama mfano, nikiandika kwa mbwembwe kwamba mnara mmoja na simu moja vimeokoa ajira za kijiji. Naona sasa nilihesabu minara na simu, nikaacha kuhesabu watu. Mtandao ulikuwa umemfikia mtu mmoja katika kazi ya watu watano, na sote tulipiga makofi.

Siku ya kuanua matanga ukoo ulikaa. Mrithi akatajwa, kijana wake anayefanya kazi Bukoba, na kila kitu kikapata mwenyewe: kibanja cha migomba, ng'ombe, kitalu, hata lile koti. Ilipofika zamu ya simu, mrithi alisema kwa heshima kwamba laini imesajiliwa kwa alama za vidole vya baba, na laini ya marehemu haitumiwi, itafungwa. Wazee wakaitikia kwa kichwa. Hakuna aliyekosea. Ila miche ya msimu huu ilikwishafika kimo cha kupandwa, na kila mteja wa Karagwe na Kyerwa alikuwa ndani ya laini ile.

Mmoja wa wale wajaza viriba alinifuata hadi kwenye mwembe wa uzio, pale nilipoegesha pikipiki. “Shikamoo, Mwandishi.” Nikaitikia. “Laini ikifungwa, wateja watatupata wapi?” Nikasema nitazungumza na mrithi. “Mrithi hana kosa,” akasema polepole, bila hasira. “Siku ile ulipokuja kupiga picha, sisi tulikuwepo wote wanne. Ulituambia tusogee pembeni, tusije tukaharibu picha ya miche.”

Sikumbuki kusema hivyo, lakini sina shaka kwamba nilisema. Niliona aibu, na bado naiona ninapoandika. Kwa miaka mingi nimewasuta wakubwa kwa kutusahau huku mpakani, na mimi mwenyewe niliwasahau watu waliokuwa wamesimama hatua tatu kutoka nilipokuwa. Mtandao ukiletwa kijijini tuusherehekee, lakini tuulize pia umesajiliwa kwa kidole cha nani, na kidole hicho kikizikwa nani atabaki na kazi. Jumatatu nilirudi bondeni, mrithi akiwa ameridhia kitalu kiendelee. Namba za wateja tulizinakili kabla laini ya marehemu haijafungwa. Ukurasa mpya upo kwenye laini ya mmoja wa wale wanawake wanne, na nywila wanaijua wote. Wakasimama katikati ya miche, vidole vyao bado vina udongo, nami nikarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, hadi buti zangu zikaingia kijitoni na wote wanne wakaenea kwenye picha.