Mgeni kwenye Kompyuta Yake Mwenyewe

Nilimkuta dada yangu amekaa sebuleni kwake, kwenye kiti cha wageni, amevaa nguo ya kutokea, mkoba mapajani, miguu ameiweka pamoja kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Nikamsalimia, akaitikia. Nikamuuliza, kwani unatoka? Akasema hatoki. Amekuja.

"Umekuja wapi?"

"Hapa. Mimi mgeni, kaka. Kaa na wewe usubiri. Mwenye nyumba yuko jikoni."

Huko jikoni sufuria ikaanguka, na sauti ya shemeji yangu ikasema neno ambalo sitaliandika, maana wapwa zangu husoma ninachoandika, halafu hujifanya hawalijui.

Sasa huyu dada yangu lazima nimweleze, na wa kumweleza ni mimi, kwa sababu nilimjua kabla yeye hajajijua. Shule niliiacha mapema, walimu walikuwa wameshaniambia yote waliyoyajua, lakini kusimulia sikufundishwa na mtu. Tunamwita Mvua. Alijifunza kuchapa kwenye taipureta zile za chuma, na vidole vyake vikianza kazi utadhani mvua inapiga bati. Jirani aliwahi kutoka mbio kuanua nguo. Nikiongeza chumvi hapo, naongeza chembe moja tu. Mvua amechapa barua za kuomba kazi za nusu ya mtaa, amechapa wosia, amechapa tasnifu za watu ambao leo wanapita na magari wamefunga vioo. Kwa vidole hivyo hivyo akanunua kompyuta, ya mtumba lakini nzima, akaiweka mezani karibu na dirisha na kuifunika kitambaa alichokifuma mwenyewe. Watoto wakakua, wakaondoka. Kompyuta ikabaki.

Kazi ikiisha aliitia kwenye flashi, akaenda nayo mjini kwa mguu, akarudi na nyingine. Miaka yote hiyo. Mpaka ofisi moja ya mjini ikamwita. Hiyo ofisi inapokea sauti za mahojiano, watu wa utafiti wamehoji watu, na sauti lazima zigeuzwe maandishi. Wakamwambia kazi ipo, ya kudumu, afanyie nyumbani, ila sauti zitakuja kwa intaneti na maandishi yatarudi kwa intaneti. Flashi hawaitaki tena. Walimpa sauti moja ya majaribio kwenye sidii, akaichape, na Jumatatu asubuhi waikute imeshaingia kwao. Isipokuwepo, kuna mwingine anayesubiri nafasi hiyo.

Kwa hiyo intaneti ya kasi, ile ya waya, ikaombwa. Kampuni ikajibu kwamba fundi wa waya atakuja Jumamosi, lakini kompyuta iandaliwe kwanza: iwekwe kadi ya mtandao, iwekewe kinga ya virusi, na iwe na neno la siri. Mimi niliposikia habari za kinga nilimuuliza Mvua kama kompyuta itachanjwa begani au pajani. Hakucheka. Hata siku zake nzuri hachekeshwi kirahisi, na hilo ni kosa lake, si la utani wangu.

Hapo ndipo anapoingia shemeji yangu, Bwana Funguo.

Shemeji ni mtunza stoo. Amekaa stoo hiyo mpaka ananuka maboksi. Funguo anazining'iniza kiunoni, rundo zima, ukimsikia anakuja unadhani ni kengele ya ng'ombe. Kwake dunia ina watu wa aina mbili: wenye funguo na wanaofunguliwa. Wanaobeba mizigo humo ndani, wanaoipanga, wanaoijua iko wapi hata gizani, hao wote husimama mlangoni kumsubiri. Si mtu mbaya. Nasema hivyo kwa sababu ni baba wa wapwa zangu, na pia kwa sababu dada yangu ndiye aliyemchagua, wakati mimi nilikuwa na rafiki mzuri zaidi wa kumtambulisha.

Siku Mvua alipokwenda mjini kuchukua ile sidii, shemeji akaomba ruhusa kazini na kumleta fundi wa kompyuta. Hakumwambia mkewe. Alitaka, eti, arudi akute kila kitu tayari.

Fundi akafungua kompyuta, akatia kadi, akaweka kinga, akafuta takataka. Akafika kwenye orodha ya watumiaji. Akauliza mwenye kompyuta ni nani. Shemeji akajibu ni yeye. Fundi akauliza kama kuna mwingine anayeitumia. Na hapa, wasomaji wangu, mtu mzima mwenye akili zake alijibu hivi, na mwenyewe alinikariria baadaye bila aibu:

"Mke wangu huwa anaingia kuchapa."

Huwa anaingia. Mwanamke aliyeinunua kwa vidole vyake, huwa anaingia. Kama paka. Fundi naye angefanya nini? Mtu ambaye huwa anaingia ni mgeni. Akabofya, akaandika, akaondoka.

Mvua aliporudi na kuwasha, akakuta picha mbili kwenye kioo. Moja ina mpira, chini imeandikwa Msimamizi. Ya pili ina ua, imeandikwa Mgeni. Akabofya mpira, ikadai neno la siri. Akamuuliza mumewe, na mumewe akamweleza kwa upole, kama mtu anayempokea kibarua mpya, kwamba neno la siri analo yeye. Kwamba stoo yoyote ina mtunza funguo mmoja, wakiwa wawili vitu hupotea. Yeye abofye tu ua, atachapa bila shida.

Mvua alimeza. Najua alimeza, kwa sababu angekuwa hajameza ningesikia kutoka kwangu. Muda ulikuwa mfupi, sauti ya majaribio ilikuwa ndefu, mhojiwa anaongea huku anatafuna kitu. Akabofya ua. Akavaa zile spika za masikioni, akachapa kutwa nzima, akarudia pale penye kutafuna mpaka akapapata. Akaihifadhi humo humo kwenye kompyuta kama miaka yote. Flashi hakuigusa, kwa nini aiguse, kazi hii ilikuwa ya kwenda kwa waya. Akazima, akalala.

Asubuhi akawasha, akabofya ua. Hakuna kitu. Kioo cheupe, kisafi, kama hakuna mtu aliyewahi kukaa hapo. Kumbe mashine imepangwa hivyo: mgeni akiondoka, chochote alichokifanya kinafagiliwa kinamfuata nje.

Kazi zake za zamani zote zilikuwa upande wa pili, kwenye mpira, nyuma ya neno la siri. Akampigia simu mumewe stoo na kumtaka alitaje. Shemeji akasema hayo si mambo ya kusema kwenye simu, watu wanasikia. Avumilie tu mpaka jioni. Tena kuanzia sasa, akasema, kila akitaka kuchapa amwambie, nitakufungulia.

Nitakufungulia. Mimi nimeshapigwa ngumi mara mbili tatu maishani, moja nikaipata kihalali, lakini neno hilo lingeniuma zaidi. Mvua akakata simu. Akaenda chumbani, akavaa ile nguo, akachukua mkoba, akaja kukaa pale nilipomkuta. Jioni shemeji alipoingia, Mvua akamwamkia kwa adabu na kumuuliza wenyeji wa hapa hawajambo. Alipouliza chakula kiko wapi, akajibiwa kwamba mgeni hajui jiko liko upande gani. Na neno la siri, alipotaka mwenyewe kulitoa kwa njia yake, yaani Mvua ampishe, yeye akae amfungulie, kisha afunge tena, Mvua akakataa. Alitaka kitu kingine, na hakukitaja.

Hasira yake haina kelele. Wengine wakikasirika wanapasua vyombo, na vyombo hununuliwa vingine. Yeye hukaa vizuri. Hiyo ndiyo inayotisha.

Shemeji alivumilia hivyo mpaka Jumamosi asubuhi, kisha akaniita nije kuzungumza na dada yangu. Nimeombwa kupatanisha watu wengi, na wengi wamepatana kwa sababu waliungana kunichukia mimi. Nilipokwisha kusikia habari yote, ya kuingia na ya kufungulia na ya kazi iliyofagiliwa, nilihisi kichwa kinapata moto. Nikavuta kiti cha pili cha wageni, nikakaa kando ya Mvua, nikamwambia shemeji tuko wawili sasa, na mimi nakunywa chai yenye sukari nyingi.

Akaileta. Ilikuwa ya moto na haina majani. Alikuwa amesahau majani. Mvua akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru na kuisifia. Shemeji akatukodolea macho, jasho linamtoka, funguo zinalia kiunoni kila akipumua.

Ndipo fundi wa waya akabisha.

Alikuwa mtu mrefu mwenye haraka, bunda la waya begani. Akatoboa ukuta, akapitisha waya, akapachika kisanduku chenye taa, akaingia chini ya meza, ikawa tunaona soli za viatu vyake tu. Kutoka huko akauliza mwenye kompyuta ni nani.

"Huyo hapo," akasema Mvua, akimwonyesha mumewe. "Sisi ni wageni."

Fundi akasema basi mwenyewe aifungue, aingie kama msimamizi, yeye amalizie. Shemeji akakaa. Sijawahi kumwona akikaa kwenye kiti kile, na kiti chenyewe kilishangaa, kikalia. Akabofya mpira. Akaandika neno la siri kwa kidole kimoja, huku mkono mwingine ameufanya pazia tusione. Ikakataa. Akaandika tena, polepole, kila herufi akiikandamiza kama muhuri. Ikakataa.

Akasema mashine imeharibika. Fundi kutoka chini ya meza akasema mashine nzima, mwenyewe ndiye atafute alichosahau, na kama haifunguki yeye ataondoka, ana nyumba nyingine zinamsubiri, watampangia wiki ijayo.

Wiki ijayo. Jumatatu ingekuwa imeshapita.

Nikamtazama dada yangu. Na nikaona anatazama kibao cha herufi, kwenye pembe ya juu, palipokuwa na kitaa kidogo cha kijani kinawaka. Mimi sikujua maana yake wakati ule, leo najua na ninawafundisha wengine: kitufe cha herufi kubwa kilikuwa kimebonyezwa. Shemeji, na vidole vyake vya kubebea nondo, alikuwa amekigusa, na kila alichoandika kilikuwa kinatoka kwa herufi kubwa nyuma ya vinyota ambavyo havisemi kitu. Mvua alikwisha kuona. Mtu aliyechapa umri wake wote aone taa ile asijue?

Nikamgusa kiwiko. Akakisogeza. Nikaona taya lake linacheza. Kazi ilikuwa pale mbele yake, umbali wa kidole, na yeye mkoba mapajani. Shemeji akaandika mara ya tatu. Ikakataa. Viatu vya fundi vikaanza kurudi nyuma, anatoka chini ya meza.

"Fundi," akasema Mvua, "ngoja kidogo. Mume wangu ana jambo anataka kulisema."

Shemeji akageuka. Hakuwa na jambo.

"Kompyuta ni ya nani?" Mvua akamuuliza.

"Si yetu."

"Sikuuliza si ya nani."

"Nasema ni yetu, mama. Ya nyumbani."

"Ya nani?"

Fundi akatulia kwa magoti, bunda la waya mkononi. Ana mke naye, ilionekana.

"Ni ya mke wangu," shemeji akasema, akimwambia fundi.

"Sijauliza mimi ni mke wa nani. Mimi ndiye ninayekuuliza, niangalie mimi."

Akamwangalia. Mkono wake ulikuwa umekwenda wenyewe kwenye funguo, akaziachia.

"Ni yako," akasema. "Ni yako, Mvua. Nilikosea."

Dada yangu akaweka mkoba chini. Akaenda mezani, hakumwomba apishe, akanyoosha kidole juu ya bega lake na kubonyeza kitufe kimoja. Kitaa kikazima. "Andika tena," akamwambia. Shemeji akaandika, na mashine ikafunguka kama mlango wa stoo asubuhi. Kisha akamwambia ondoka kwenye kiti changu.

Akakaa, na siku ile hakuinuka. Fundi alimwelekeza mara moja tu namna ya kubadilisha watumiaji, mengine akayafanya yeye. Alipokwisha akarudia ile kazi yote, mhojiwa akatafuna upya, na Jumapili nayo ikamkuta hapo hapo. Vidole vilikuwa vinapiga kwa nguvu kuliko mvua, ilikuwa mawe. Jumatatu ofisi ilifungua ikakuta maandishi yameshafika. Kazi aliipata, na anayo mpaka leo.

Msidhani aliisamehe ile siku ya kwanza aliyoipoteza. Ukiitaja anaweka kikombe chini. Na mtu akiwasha kompyuta hiyo sasa anakuta picha mbili kwenye kioo. Ya kwanza imeandikwa Mwenyewe. Ya pili, yenye mpira, imeandikwa Huwa Anaingia. Shemeji akitaka matokeo ya mpira husimama nyuma ya kiti mpaka sauti inayochapwa ifike mwisho, funguo zote za stoo kiunoni, na hakuna hata mmoja unaoingia pale.

Mimi niliomba picha ya tatu. Nilitaka simba. Mvua akaniuliza nina kazi gani ya kufanya humo, nikamweleza kwa kirefu, akasema nimalize kwanza chai.